Mwalimu Mkuu Hakanyagi Ua wa Mzee

Jumatatu, 11 Agosti

Watoto thelathini na mmoja leo. Thelathini na mmoja! Nilianza Machi na wanne, na wawili kati yao walifuata maandazi ya mke wangu Shamsa tu. Mimi Athumani, niliyekimbia shule darasa la sita kwa sababu ya hesabu, sasa nina kituo. Watoto wakitoka shule saa tisa na nusu wanakuja kwenye banda la kokoa uani kwa jirani yangu, Mzee Andongwisye. Liko tupu siku hizi, kokoa yote inakwenda ghala la ushirika. Wanakula kitu, wanamaliza kazi walizopewa darasani, halafu mimi nawafundisha jiografia. Beira, Durban, Nkhata Bay — kote nilikopikia mabaharia. Jiografia yangu ina chumvi kidogo. Haidhuru, mpishi ni mpishi.

Hesabu ni za Mzee. Hizo hazina chumvi. Alikuwa karani bandarini Itungi miaka ishirini na mbili. Anakaa kwenye gogo lake, nyonga imemharibikia, hawezi kutembea mbali, lakini kichwa! Meli ina magunia mia tatu, theluthi ni mchele, je... Watoto wanajibu wakigombana kama wako mnadani.

Mchana Afisa Elimu Kata, Bwana Sylvester, kaja na pikipiki na barua. Mtu mstaarabu, hata chai kanywa. Kasema kituo cha watoto wa shule lazima kishirikiane na shule yenyewe. Mwalimu mkuu aje, aone kwa macho yake, ajaze fomu, asaini. Mwisho Ijumaa ya tarehe ishirini na mbili. Bila hivyo — kufuli.

Nikacheka. Mtu aliyevuka mipaka mitatu bila pasipoti, fomu itamshinda?

Jumatano, 13 Agosti

Nimekwenda shuleni. Nimevaa shati la Durban.

Mwalimu Prisca ni mkuu wa shule mwaka wa tatu huu. Kanipokea vizuri. Kaanza yeye mwenyewe: yule Lusungu wa darasa la saba, alikuwa wa mwisho kwenye hesabu, sasa wa nne, mnamlisha nini huko? Nikamwambia maandazi na Mzee. Nikamwomba aniandikie watoto wanakwama wapi. Kaandika papo hapo, ukurasa mzima, jina kwa jina. Mwanamke wa kazi!

Lakini nilipomwambia aje atuone — uso ukajifunga. Eti ataangalia ratiba. Tangu Mei anaiangalia ratiba hiyo. Ratiba gani ndefu hivyo, ya treni? Akasema badala yake niwahamishie watoto shuleni, darasa lipo, tena lina umeme. Nikasema Mzee hafiki huko kwa miguu, na bila Mzee hakuna hesabu. Akatazama chini.

Maringo. Nilikwisha sema kinyozini na leo nimerudia: yule mwalimu ana maringo, hataki viatu vyake viguse vumbi la kokoa. Watu kinyozini walinyamaza. Nilidhani nimewagusa.

Alhamisi, 14 Agosti

Ushindi! Mwalimu kanipigia simu. Anauliza: huyo mwenye ua, Jumamosi atakuwepo? Nikasema hapana, anakwenda kliniki ya nyonga. Basi, anasema, Jumamosi saa nne nakuja.

Nimefurahi nikaruka. Halafu nikafikiri. Mwalimu mkuu aje, asimkute mwalimu mwenyewe wa hesabu? Aone gogo tupu? Aibu! Nimemwangukia Mzee aahirishe kliniki. Nimemwambia kuna mgeni mkubwa, sikutaja nani — nataka wote wawili washtuke kwa furaha. Mzee kasema ndaga, asante mwanangu, nitavaa koti.

Sijui kwa nini situlii. Nimefagia banda mara tatu.

Jumamosi, 16 Agosti

Nataka ardhi ipasuke.

Nilimweka Mzee getini kabisa. Kwenye kiti, koti la bluu, ua la rangi kifuani. Watoto mistari miwili wanaimba. Mwalimu Prisca anakuja na walimu wawili, anatabasamu, yuko hatua ishirini hivi. Akamwona Mzee. Akavuta kitenge kichwani mpaka usoni, akageuka, akaingia migombani. Mbio! Mwalimu mkuu mzima!

Na mimi, mjanja wa Durban, nikapaza sauti mbele ya wazazi wote: Mwalimu, choo kiko upande huu!

Hakuna aliyecheka. Hata mtoto mmoja. Nikageuka — kiti cha Mzee kitupu. Kakokota nyonga yake mpaka ndani, kajifungia.

Shamsa ndiye aliyenieleza, tumefika nyumbani, mikono kiunoni. "Gwe Athumani, yule ni mke wa Yohana."

"Yohana yupi?"

"Wa Tunduma! Mtoto wa Mzee Andongwisye! Miaka kumi na moja ameolewa pale. Umewahi kuona mke wa Mnyakyusa anasimama mbele ya baba mkwe?"

Sijawahi. Najua mila hiyo, nani asiyeijua Kyela? Mkwe akimwona mzee njiani anaacha njia. Hamtazami, hasemi naye, jina lake hatamki. Lakini nilijuaje kwamba ni wao? Mwalimu anatumia jina la baba yake, anakaa nyumba za walimu.

"Mtaa wetu wote wa Mbugani unajua," kasema Shamsa. "Wewe unaongea tangu asubuhi. Utasikia saa ngapi?"

Babu yangu alitoka Kilwa akafungua duka hapa kabla hata bandari haijachoka. Nimezaliwa hapa. Najua pombe za Beira zote kwa majina, astaghfirullah, na sikujua mkwe wa jirani yangu.

Jumapili, 17 Agosti

Nimepeleka jogoo kwa Mzee. Hakutoka. Kaniongelesha kupitia mlango. Anasema nimemvua nguo mbele ya mke wa mtoto wake. Nimeomba radhi kwa lugha zote ninazozijua, hata Kireno. Mwisho kafungua kidogo, kachukua jogoo, kafunga.

Geti la ua lina kufuli. La Mzee, si la serikali. Bado siku tano.

Jumatatu, 18 Agosti

Watoto wamekuja saa tisa na nusu kama kawaida. Wamekuta kufuli. Hawakuondoka. Wamekaa nje ya ua na madaftari. Lusungu kaniuliza, mtihani wa taifa ni Septemba, sisi hesabu tunafanyia wapi? Bibi yake hajui kusoma, nyumbani hakuna wa kumuuliza. Nimemwambia ngoja. Kaniangalia kama mtu anayeangalia meli ya Itungi iliyoahidiwa tangu mwaka juzi.

Nimefundisha Mto Zambezi barabarani. Bila chumvi. Sikuwa na hamu.

Jumanne, 19 Agosti

Asubuhi kwa Mwalimu. Nimeomba radhi nimesimama. Hakunifokea, ingekuwa nafuu. Kasema: mimi shule ninaiongoza, mila siiongozi. Kisha: kazi ya pale naijua, naiona kwenye madaftari ya watoto kila asubuhi. Mwandiko wa masahihisho naufahamu. Lakini fomu inauliza, umeona ufundishaji? Siwezi kusaini kitu sijakiona.

Jioni kwa Mzee. Nikamwambia, mzee wangu, basi Ijumaa upumzike kwa jirani saa moja tu, mwalimu aje aone watoto. Akacheka kicheko kibaya. "Nijifiche kama mwizi kwangu mwenyewe? Na aje aone nini? Gogo?" Halafu polepole: mwaka jana tu nilikuwa nakaa hapa nahesabu kuku wa watu wanaopita. Sasa watoto wananiita mwalimu. Nataka mtu wa shule ajue.

Hakusema mtu gani. Hawezi kusema.

Kwa hiyo: mmoja hasaini bila kuona, mwingine hafundishi akifichwa, na wakionana dunia inapasuka. Ndiyo ushirikiano wangu huo. Nimetembea mpaka stendi na kurudi, mara mbili, bila kazi.

Jumatano, 20 Agosti

Sijala mchana. Shamsa kaona, maana mimi nisipokula ni habari.

Nikamweleza yote. Alikuwa anakunja nguo. Hata hakuinua kichwa. "Sisi wanawake msikitini tunakaa wapi?"

Nyuma ya pazia.

"Sheikh tunamwona?"

Hapana.

"Hotuba tunaisikia?"

"Mnaisikia."

"Vizuri kuliko ninyi mnaosinzia mbele." Akanitupia khanga kubwa mbili usoni.

Mke wangu! Nilimwambia wazo hilo nilikuwa nalo tangu jana. Akanitazama. Sawa, sikuwa nalo.

Alhamisi, 21 Agosti

Mzee: kafikiri muda mrefu. Kaniuliza khanga ni nzito? Nikamwinulia juani aone. Nzito. Kafungua geti.

Mwalimu: kauliza dirisha la banda lina kimo gani. Kisha kauliza Lusungu atakuwepo. Nikasema wote watakuwepo. Kasema, nijibu nilichouliza.

Bwana Sylvester: kasikiliza kwenye simu, kacheka, kasema fomu haina sehemu ya "umesikia". Ila atakuja aone.

Wenyewe wamekubali jaribio. Mimi nimefagia banda tena.

Ijumaa, 22 Agosti

Naandika hapa hapa getini, juu ya goti. Siwezi kungoja nifike nyumbani.

Nimetoka msikitini mbio. Khanga za Shamsa dirishani, misumari minne. Mzee ndani na watoto. Mwalimu Prisca kapita njia ya nyuma, kaletewa kiti chini ya dirisha, kakaa mgongo kwa banda. Lusungu kawekwa mlangoni, anaonwa na pande zote mbili. Bwana Sylvester pembeni, fomu kwenye ubao wa kuandikia.

Mzee kaanza. Una robo tatu ya gunia la mchele. Kila kikapu kinachukua sehemu moja ya nane ya gunia. Vikapu vingapi? "Sita!" banda zima. Mzee akapiga fimbo chini: sita, tuendelee.

Nikamwona Mwalimu anatikisa kichwa. Nikajua tumekwisha.

"Lusungu," akasema, kwa sauti ya paredi, "mwambie mwalimu wako jibu ni sahihi. Lakini mtihani unataka njia. Bila njia alama zinapotea."

Miaka kumi na moja bila neno, nakwambia wewe daftari!

Mzee kakohoa. "Lusungu, mwambie aliye nje: meli inaondoka, nani anangoja njia?"

"Lusungu, mwambie meli imeshaondoka. Msahihishaji hajui bandari."

"Mwambie basi njia ya siku hizi ni ipi, maana ile waliyoandika wiki iliyopita inazunguka kama mlevi!"

"Mwambie haizunguki! Unageuza ya pili, unazidisha!"

"Mwambie kwa nini inageuzwa? Mtoto akiuliza kwa nini, nimjibu nini?"

Hapo Mwalimu akashusha sauti: "Lusungu, mwambie… swali hilo ni zuri."

Lusungu aliacha kupeleka maneno zamani. Amesimama tu mlangoni, kichwa huku, kichwa kule. Watoto wameanza kuandika bila kuambiwa. Bwana Sylvester kaomba kiti, kaomba na chai. Fomu iko gotini, kalamu sikioni. Mara mbili amesema "samahani, kuhusu saini" na mara mbili hakuna aliyemsikia.

Sasa hivi wako kwenye mfano wa pili. Mwalimu kasema haiwezekani kueleza hivi kwa mdomo. Bado mgongo umeelekea banda. Kanyoosha mkono pembeni, kaomba chaki.

Kuna kipande kimoja tu, cha Mzee. Nimeona akikitazama. Kakimega katikati, kampa Lusungu nusu.