Helmeti Chini ya Koti la Daktari

Grand Island, Nebraska
4 Septemba 2014

Mwanangu Royce,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Bernadine, na kwamba mahindi yamekomaa vizuri huko kwenu. Mimi ni wa kitandani tu. Ini limekwisha, na daktari ameacha kunitajia mwaka ujao.

Mwezi ujao chuo kinawaita wote wa timu yetu ya 1974 ya mpira wa Kimarekani, miaka arobaini ya ubingwa. Wanataka nisimame kando ya ile sanamu yangu nisimulie tena jinsi ulivyoiiba helmeti ukarudi uwanjani. Sitaenda. Kuna jambo la siku ile nataka kukuambia wewe kwanza, nikiwa bado na akili zangu. Niandikie, hata mistari miwili.

Mzee wako,
Kocha Vernon


Wilber, 11 Septemba

Baba mkwe,

Shikamoo, na pole kwa maradhi. Bado nakuita hivyo kwa kuwa ni wewe uliyesimama mahali pa marehemu baba yake siku ya harusi yetu.

Nakujibu mimi kwa sababu Royce hasomi tena, mwaka wa tatu huu. Juzi nilikuta viatu vyake ndani ya oveni. Nikacheka, naye akacheka, kisha akaniuliza mimi ni nani. Madaktari wanasema ni vile vipigo vya kichwa vya uwanjani, hasa siku ile alipogongwa na kurudi kucheza.

Ajabu ni kwamba hilo moja halijamtoka. Kila asubuhi, kabla ya kahawa, hunishika mkono: "Nisamehe, Bernie. Daktari alinikataza, nami nikaiiba helmeti. Nimekuharibia maisha." Namsamehe. Kesho yake anaanza upya.

Kama una la kumwambia, liandike. Nitamsomea.

Mkweo,
Bernadine


Grand Island, 19 Septemba

Mwanangu Bernadine,

Asante kwa kunijulia hali. Tangu barua yako ifike nimeshindwa kula, na si kwa sababu ya ini.

Royce hakuiba helmeti. Nilimpa mimi.

Unaijua desturi yetu: mchezaji akiumia kichwa, daktari wa timu humficha helmeti, maana bila hiyo haingii hata akilia. Siku ile zilibaki dakika sita mechi iishe. Daktari Otto Kriz aliiweka kwenye benchi, akaifunika kwa koti lake, akaketi kando yake. Akaniambia, "Vern, huyu ananiuliza leo tunacheza na nani." Nikamjibu, "Mwambie ni hawa wanaotuzidi pointi nne." Benchi zima likacheka. Nikamsukuma Otto, nikaitoa helmeti, nikamvisha Royce na kumfunga mkanda wa kidevu mimi mwenyewe, kwa sababu vidole vyake havikuweza. Dakika ya mwisho akauvusha mpira mstari wao wa mwisho, tukawa mabingwa.

Alipozinduka hospitali hakukumbuka lolote, akaniuliza ilikuwaje. Nikamwambia, "Uliiba helmeti, simba wewe." Waandishi walikuwapo, wakaandika. Kwa miaka ishirini na tisa niliwasimulia hivyo vijana wapya kila Agosti, wapate kumwiga. Otto alikufa bila kunisuta. Nilishinda michezo mia mbili na kumi na miwili, na sijui ni wangapi walirudi uwanjani wakiwa wameumia kwa sababu ya hadithi hiyo.

Msomee. Simwombi msamaha. Nataka yeye aache kuuomba.

Vernon


Wilber, 2 Oktoba

Kocha,

Sikuwa na hamu ya kuuliza hali yako, lakini nauliza, ndivyo nilivyolelewa.

Nilimsomea mara tatu, polepole. Mwishoni alikasirika. "Uongo," akasema. "Kocha asingefanya hivyo. Usimseme vibaya mzee wa watu." Asubuhi akaniomba radhi tena.

Miaka ya mwanzo, kichwa kilipokuwa kikimtesa, hata mimi nilikuwa nikimwambia, "Umejitakia." Maneno hayo nitayafuta vipi, Kocha?

Mimi haniamini. Atakuamini wewe tu. Tafuta njia.

Bernadine Hladky


Grand Island, 13 Oktoba

Hladky,

Simama wima unapoisikiliza barua hii. Maneno ni yangu, mwandiko ni wa muuguzi. Mimi ni kocha wako, na ninayosema hayajadiliwi.

Daktari alikukataza, ukatii, ukakaa benchi kama ulivyoambiwa. Mimi ndiye niliyekuinua. Helmeti nilikuvisha mimi. Hukumkosea mkeo. Usimwombe radhi tena. Hiyo ni amri.

Kocha


Wilber, 21 Oktoba

Kocha,

Sijui kama barua hii itakuwahi.

Nilimsomea jikoni. Aliposikia jina lake la ukoo akasimama, mikono ubavuni, mpaka mwisho. Akasema, "Ndiyo, Kocha."

Asubuhi iliyofuata alikunywa kahawa, akala mkate, akatazama dirishani mashine zikivuna mahindi. Hakuomba radhi. Nilitoka nje nikalia.

Jana alianza tena. Basi nikaleta barua yako, nikamwambia asimame. Nitafanya hivyo kila asubuhi. Karatasi ikichakaa, nitainakili kwa mkono wangu.

Bernadine