Lugembe wa Redioni

Kwihara, Tabora

Mume wangu Sixbert,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Toka tulipovuna karanga za mwaka juzi hujakanyaga hapa. Miguu ya kwenda studio unayo, ya kuja kwa bibi yako imevunjika? Hujambo huko Dar? Unakula? Mimi mzima, goti tu ndilo lina maneno. Anayeniandikia ni Julieth fundi cherehani, nimemwambia asinipambe. Simu sipigi, maana siku hizi hapa kila mtu ana sikio refu.

Nikuulize, na usinidanganye: lile jina Lugembe ulilitoa wapi? Nakujua, jina lililo karibu ndilo unaloliokota. Mchezo wako wa redio tuliusikiliza wote barazani kwa Yusufali muuza duka. Huyo Lugembe wako, mpagazi wa Kwihara enzi za misafara, anawauza wapagazi wenzake, wanafungwa kamba. Watu wakasema hii ndiyo historia yetu. Historia gani? Nani alikuwepo? Kesho yake wakawa wanamtazama mzee Lugembe, jirani yetu huyu, kama mtu aliyekutwa na kuku wa wizi.

Nilidhani yatapita. Kisha mzee akaja na ndugu zake kuleta posa ya dada yako Asnath, maana anaolewa na mjukuu wake, Bundala. Mtani wetu Mathias, yule Mgogo, akatania kama desturi: tuwe macho, hawa mahari ikiwashinda watamuuza bibi harusi. Utani hujibiwa kwa utani. Safari hii hakucheka mtu. Baba yako mdogo Yoramu akasimama, akasema posa irudi ilikotoka, damu ya wauza watu haiingii kwake. Asnath akatoka nje, chakula hakukigusa.

Nikawaambia huo ni mchezo, kautunga Sixbert. Yoramu akanijibu kwamba redio haiwezi kutangaza jambo ambalo halikuwepo. Nikamgeukia mzee Lugembe ajitetee. Akainama, akasema:

"Mama Yoramu, babu yangu sikumwona. Huenda ni kweli."

Hapo niliogopa, mume wangu. Mtu mzima anaambiwa na redio babu yake alikuwa nani, naye anakubali.

Sasa nikwambie nililolifanya, na sijutii. Niliwaambia umenipigia simu, ukasema mchezo haujaisha: Lugembe alijifanya msaliti tu, mwishoni anarudi kuwakata kamba wenzake wote. Wakaamini pale pale. Yoramu akamshika mzee mkono. Mzee akalia. Posa imepokelewa.

Ninayemtilia shaka sasa ni mimi mwenyewe. Jana nilimwona mzee akimfungua mbuzi aliyejizonga na kamba, nikasema moyoni, huyo ni babu yake mtupu. Na babu huyo nimemtunga mwenyewe, nimekaa mkekani!

Nisalimie mkeo Eustadia, na mtoto mbusu kwa niaba yangu. Harusi ni baada ya mavuno. Kabla ya hapo, huo mwisho uwe umesikika redioni. Na ukija, usianzie kwangu: anzia kwa mzee Lugembe, umpe shikamoo mbele za watu.

Bibi yako,
Nyamizi