Mtoto Aliyeutema Uji

Akinyi nyakwara, mjukuu wangu,

Huku Migosi hatujambo. Goti la babu yako limepona, na yule kuku wako mwekundu ameangua vifaranga sita. Umeniuliza nani alinifundisha kutengeneza unga wa watoto, wakati hapa Kisumu sikumjua mtu yeyote aliyeuuza kwenye pakiti. Mwalimu wangu hakuwa na jino hata moja.

Nilikuwa nimeacha ushonaji kwa ajili ya unga huo. Nilisaga wimbi, karanga na omena, wale dagaa wa ziwani, nikapika uji, nikawaita akina mama jirani wauonje kabla sijaupeleka sokoni.

"Mtamu, nyar Awasi!" walisema, wakiniita kwa kwetu nilikozaliwa.

Kisha Mama Otieno akampa mwanawe kijiko kimoja. Mtoto aliutema wote juu ya blauzi yangu ya kanisani.

"Huyu hana adabu," mama yake akasema kwa aibu.

"Mwache," nikamwambia. "Ninyi ni wageni, na mgeni hakatai chakula. Huyu hajui ugeni."

Walitazamana. Mmoja akacheka: "Basi na mimi niseme. Ni mchungu, dada."

Jioni nilionja kila kitu kivyake. Uchungu ulikuwa kwenye vichwa vya omena. Nilivitoa vyote, nikasaga upya. Kesho yake yule mtoto alimeza, akanyoosha mkono kukamata kijiko.

Unasema wenzako chuoni wameusifu sana uji wako wa viazi vitamu. Nimefurahi. Je, kuna mtoto ameshauonja?

Dani, nyanya yako