Velten Zimmer na Ghala la Kuta Tatu

Mwaka umetimia, Velten, tangu utuache hapa Bonde la Mohawk na vita visivyokwisha na ghala lenye kuta tatu. Nilidhani hasira zangu zingeisha pamoja na matanga. Wapi! Kila theluji inapowaangukia ng'ombe humo ghalani, nakugombeza peke yangu.

Ulikuwa mtu mwema, na wema wako ulinichosha. Watu wa Mfalme wa Uingereza na watu wa Bunge la Amerika lililomwasi uliwapa chumvi ya pipa lilelile. Nikikuonya, ulinijibu, "Gertraud, chumvi haina upande." Chumvi haina, lakini majirani wanao!

Nani alikutuma uwaalike wote siku moja waje kusimamisha ghala? Kiunzi kilisimama, kuta tatu zikapigwa mbao bila neno baya. Ukapanda juu ya paa kufunga tawi la msonobari, kama walivyofanya baba zako, ukanyanyua kikombe kulitakia paa heri. Mazoea yana tabu. Miaka thelathini kila kikombe ulikinywa kwa kumtakia Mfalme heri, ukamnywea tena.

"Mfalme aishi!"

Ukaona nyuso za waliokuwa chini zimekunjamana, ukaongeza mbiombio, "Na Bunge nalo liishi!"

Hapo ukawaudhi wote. "Shuka huko, mzee kigeugeu!" alifoka jirani mmoja.

"Jamani, si nimelinywea paa tu!"

Nyundo zikatupwa chini. Wanao wawili wakakabana mashati mbele ya wageni. Kabla ya mavuno, Jost alikuwa kaskazini na jeshi la Mfalme, Henrich yuko na wanamgambo wa Bunge, akiapa kwamba hana kaka.

Ukakataa mtu mwingine asiuguse ukuta wa nne. "Huo ni wa wavulana. Watarudi." Kila Jumamosi ulizigeuza mbao zao zisipinde. Una kikohozi, baridi inakata masikio, nawe unageuza mbao! Nilikuita uingie ndani mpaka sauti ikanikauka. "Nakuja, mama, zimebaki mbili." Siku ya tatu homa ya mapafu ikakuchukua. Sijakusamehe bado.

Juzi mtu wa kamati ya Bunge alisimama mlangoni kwangu. "Mama, kwenye tangazo la kumbukumbu ya mzee usimtaje yule mwanao msaliti aliyekwenda kwa Mfalme. Ukimtaja, shamba hili sahau."

Nikaandika jina la Henrich, kalamu ikagoma hapo. Henrich mwenyewe alikuwa nyumbani siku hiyo. Akaichukua karatasi, akaisoma. Kisha akanirudishia.

"Mama, mbona umeanza na mimi? Jost ndiye mkubwa."

Basi, Velten, tunaokukumbuka ni hawa: mimi mkeo Gertraud, bintiyo Lisbet, na wanao Jost na Henrich. Kamati isome.

Hutatutoka moyoni kamwe, mkaidi wewe. Jumamosi mbao nazigeuza mimi.