Mishale Ilikuwa Mahali Pake

Yaya,

Huko uliko barua hazifiki, lakini naandika. Hatukuwa ndugu wa damu. Nilikuita Yaya, yaani kaka mkubwa, kwa sababu ulikuwa kapiteni na mimi mekanisiye wako, fundi wa injini, katika ile ndege kuukuu ya abiria ya injini mbili, enzi za Zaïre.

Unakumbuka tulivyoruka kutoka Kolwezi asubuhi moja baada ya mvua. Kabla hatujalifikia ziwa la Nzilo, ndege ikaanza kuvutwa kushoto. Nilitazama vipimo, ndiyo kazi yangu: nguvu ya injini, mizunguko ya mapanga ya rafadha. Mishale yote ilikuwa mahali pake.

"Yaya, injini ya gauche, ile ya kushoto, iko muzuri! Usiifunge!"

"Acha mishale. Muguu yangu ya kuume ndiyo inasukuma pedali peke yake ili ndege iende sawa. Ile injini imekufa."

Ulirudisha mkono wa gesi wa kushoto; hakuna kilichobadilika, ishara kwamba injini ile haikuwa ikivuta tena. Ndipo ukabonyeza kitufe, mapanga ya kushoto yakageuza makali kuukabili upepo, yakasimama. Ukatushusha salama, abiria na kuku wao.

Chini, injini ile iliwaka mara moja. Wakubwa wakasema umezima injini iliyo nzima kwa woga. Wakaniita.

"Mishale ilionyesha nini?"

"Yote ilikuwa pa fasi yake, citoyen," nikajibu, kwa neno la "raia" tuliloitana enzi hizo.

Sikudanganya. Ila kila mekanisiye anajua: injini ikifa hewani, upepo huendelea kuyazungusha mapanga, na mishale hubaki palepale. Hilo sikulisema. Ukavuliwa ukapiteni, ukaishia kuuza makala, yale makaa ya kupikia, mtaani Musonoi, na bado ulinisalimia. Hilo liliniudhi kuliko matusi. Siku moja uliniuliza, "Kweli, muguu yangu ilinidanganya?" Nikajibu sijui.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenifikisha uzeeni.

Juma lililopita nilimwendea binti yako, nikamwambia hata lile usilolijua. Asubuhi ile nilipaswa kufungua matangi ya mafuta kwa chini, kutoa maji yaliyoingia kwenye mafuta. Kulikuwa na matope, nikaliruka la kushoto. Maji yale ndiyo yaliyoiua injini; yalipopita, ikawaka tena. Niliogopa kwamba nikikiri injini ilikufa, wangeniuliza kwa nini. Naona aibu, Yaya, na sina neno jingine.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai, akaniita Tata, kama aitwavyo baba.

"Tata, ungeambia yeye. Sisi ku nyumba tulimuaminia siku zote."

Pumzika.

Mdogo wako,
mekanisiye