Dirisha la Jumapili

Tarehe 6 Januari

Kwako Bwana Waya, mume wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila magoti, na hayo ni ya kale, hayana habari mpya. Nakuandikia kwa sababu simu tumeshindwana nayo. Wewe unapiga kelele huko, mimi nauliza "nani?" huku, na jengo zima linajua mambo yetu.

Nina malalamiko. Tangu kampuni yenu ifunge huo mtambo wako kwenye jengo letu, vyuma vya joto vya ukutani vimekuwa vijuaji. Jana nimeamka, sijaweka hata mguu chini, chumba kimeshapata joto. Nani amekiambia naamka? Halafu asubuhi, nje bado baridi kali, nagusa chuma, kimepoa. Nikavaa koti nikakaa tayari kutetemeka ili nipate la kukulalamikia. Wapi, baridi haikuja. Nimeudhika sana.

Nimekuwa matroni wa bweni la wasichana maisha yangu yote ya kazi. Mtu anayejua utaamka saa ngapi, kwanza muulize ana nia gani. Basi nieleze.

Na mwezi uliopita ulisema utakuja Jumapili. Hukusema ipi, nami kwa ujinga wangu sikuuliza.

Mimi bibi yako, mkeo wa kwanza


Tarehe 13 Januari

Mke wangu wa kwanza, shikamoo.

Natumaini magoti yamepunguza maneno. Mimi mzima, ila kazi imenikaba koo.

Bibi, zamani boila yenu, lile jiko la chini linalochemsha maji ya vyuma, ilikuwa inangoja jengo lipoe ndipo iwake, kama mtu anayesubiri njaa imuume ndipo aende sokoni. Sasa mtambo wangu ndio unaoiamuru, nao unatazama mbele. Unasoma utabiri wa hali ya hewa. Unajua kuta zenu ni nene, zinashika joto polepole na kuliachia polepole. Unajua jua litapiga madirisha yenu asubuhi, kwa hiyo unapunguza moto kabla halijafika. Unapanga siku nzima, unafanya hatua ya kwanza tu, kisha unatazama tena na kupanga upya. Hata watu unawahesabu, maana mtu aliyekaa chumbani anatoa joto kama taa kubwa. Kuamka kwako umejifunza wenyewe kutokana na kipimajoto cha ukutani. Hakuna aliyekuchungulia.

Sasa nami nina langu. Wenye jengo wametupa msimu huu mmoja wa baridi. Mafuta yasipopungua wanaung'oa mtambo, na mimi ndiye niliyewashawishi, kwa hiyo kibarua changu nacho kitaota nyasi. Mafuta yanapungua siku zote isipokuwa Jumapili, na tatizo ni chumba chako. Kila Jumapili mchana unafungua dirisha, unaliacha wazi mpaka giza. Mtambo umeshakuzoea, unachochea boila kabla hujalifungua, na majirani wa chini yako, mnaotumia bomba moja, wanavuja jasho. Nakuomba ulifunge.

Kuja nitakuja msimu ukiisha. Jumapili ndiyo siku ninayokaa mbele ya kompyuta kulitazama jengo lenu.

Mjukuu wako


Tarehe 3 Februari

Kwa Fundi wa Jengo,

Salamu zako nimezipata. Sikukujibu mapema kwa sababu nilikuwa na hasira, na nikiwa na hasira mwandiko wangu hausomeki.

Mlango wa chini wa jengo hili una paa la zege juu yake, unalijua. Dirisha likiwa limefungwa, humwoni anayeingia. Lazima ufungue, utoe kichwa. Mwaka jana ulikuja Jumapili moja, ukabonyeza kengele, nami nimekaa humu humu nashona vifungo, sikusikia. Masikio haya, bwana. Ukadhani nimetoka. Ukamwachia jirani mfuko wa machungwa, ukarudi zako. Yale machungwa niliyala nikilia, na yalikuwa matamu, ndilo lililoniuma zaidi.

Tangu hapo, Jumapili nikishakula najifunga shuka mabegani, nafungua dirisha, nakutazamia. Kila nikimwona mwenye mabega mapana anavuka barabara, najiambia ndiye. Huwa si wewe.

Kumbe mtambo unajua nitafungua kabla sijafungua. Wewe niliyekulea tangu jino la kwanza ndiye hukujua. Sikulaumu, nakwambia tu.

Jana nililifunga, kama ulivyotaka. Nikashinda nawaza kwamba labda uko chini unabonyeza.

Bibi yako


Tarehe 10 Februari

Bibi yangu, shikamoo.

Barua yako niliisomea kazini, ikabidi nitoke nikasimame kwenye ngazi. Nisamehe. Sikujua, na ilinipasa kujua.

Kifurushi kilichokuja na barua hii ni kengele ya taa. Fundi umeme wa jengo ataifunga, nimeshaongea naye. Mtu akibonyeza chini, taa nyekundu inawaka juu ya mlango wako, hata ukiwa jikoni utaiona. Dirisha hutalihitaji tena.

Ningekuja leo hii. Lakini mkubwa wangu hataki nibanduke hapa kabla wenye jengo hawajakaa kikao mwishoni mwa Machi. Nivumilie kidogo, mke wangu.

Jumapili ile uliyofunga dirisha, hesabu za mafuta zilikuwa nzuri kuliko zote. Naona aibu kukwambia.

Mjukuu wako


Tarehe 3 Machi

Mume wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, magoti vilevile.

Taa imefungwa. Fundi aliijaribu, ni nyekundu kama ulivyosema, inapendeza. Jumapili naweka kiti mbele yake.

Haijawaka.

Bibi yako


Alhamisi, tarehe 13 Machi

Mke wangu, shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama.

Hiyo barua yako fupi imeninyima raha kuliko ile ndefu. Jumapili nilikaa mbele ya kompyuta, nikautazama mstari wa joto la chumba chako. Zamani ulikuwa unashuka kila mchana, sasa umenyooka. Wenzangu wakanipongeza. Mimi nikawa nawaza kwamba kunyooka kule ni wewe umekaa kwenye kiti unaitazama taa. Na kule kushuka kwa zamani kulikuwa ni wewe umetoa kichwa kwenye baridi unanitafuta. Bibi, kwenye ripoti zangu nilikuandika "upotevu".

Nimemwambia mkubwa wangu Jumapili hii sipo. Akauliza nani atalitazama jengo. Nikasema nitalitazama mimi, nikiwa ndani yake. Alinuna, lakini atazoea.

Leo ndiyo siku ya kuuingizia mtambo makadirio ya Jumapili. Kwenye chumba chako nimeandika: watu wawili kuanzia saa nane mchana, dirisha limefungwa. Mtambo umeshapanga kupunguza moto kwa ajili ya huyo mtu wa pili. Nisipokuja utaona baridi, na nitakuwa nimeisababisha mimi. Kwa hiyo nakuja.

Mjukuu wako, mumeo mzembe


Jumatatu, tarehe 17 Machi

Mume wangu,

Hujambo tangu jana? Kofia yako umeisahau, nimeivaa, usiidai.

Barua yako ya kusema unakuja imefika leo. Imekuta umeshakuja, umeshakula sahani tatu, na umeshaondoka. Mtambo wako unatabiri mvua na jua, posta imeushinda.

Tena umekosea. Uliuambia dirisha limefungwa. Mimi sikuwa na habari, na kiti kile kilikuwa kimenichosha, nikalifungua. Waambie wenye jengo bibi yako ameomba radhi, halikukaa wazi sana.

Kuna jambo jana sikukwambia. Nilikuona tangu unavuka barabara, na mfuko wa machungwa mkononi, unatembea kama marehemu babu yako, mguu mmoja kama unaudai mwingine. Ningeweza kukuita pale pale. Nusura nikuite. Lakini nikafunga dirisha, nikakaa kwenye kiti, nikatazama juu ya mlango, nikangoja ubonyeze.

Ulilalamika kwamba nimechelewa kukufungulia. Nilikuwa bado naitazama taa.

Bibi yako