Vifungo Viwili vya Sare

Jumatatu, 14 Agosti 2006
Sijawahi kumwambia mtu: nilirarua ukurasa wa kitabu cha maktaba ya shule. Mimi, naogopa hata kukunja kona! Lakini wifi yangu Nyaguthii ana mimba ya wiki tisa na kila asubuhi anatapika mpaka machozi. Ukurasa, "Kichefuchefu cha Mimba", unasema: pima vidole vitatu kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono, bonyeza katikati ya kano mbili. Nilimbonyeza. Akacheka, ati nimekuwa daktari? Uji aliokunywa ukarudi vilevile.

Jumatano, 16 Agosti
Kidole kimechoka. Nimekata vifungo viwili vya sare, nikavishona kwenye lastiki, nikamfunga Nyaguthii, kimoja kila mkono. Saa nne alikunywa chai ya rangi. Nikangoja — haikurudi! Labda ni bahati. Kaka yangu Levi anasema maji yakikataa kukaa, ni kliniki, vifungo au bila vifungo. Sawa.

Ijumaa, 18 Agosti
Mama amefika hapa Kitale kwa Levi kutoka Bungoma na kuku wawili. Hajui habari ya mimba. Ile ya kwanza ilitoka, kwa hiyo Nyaguthii anataka kunyamaza mpaka miezi mitatu. Mama akaona lastiki. Akanivuta jikoni.
"Nakhumicha, huyu msichana wa Kiminini amejifunga nini? Nani alimpea? Hii ni nyumba ya maombi!"
Nikasema sijui. Sijui! Ulimi wangu huu.

Jumamosi, 19 Agosti
Mama alimwamuru Nyaguthii avue lastiki. Akavua, akaweka mezani. Saa tatu maji yakarudi. Saa nne tena.
"Si unaona? Alikuwa amefunga mwanangu kwa dawa ya mganga. Ametoa, sasa inamrudia yeye. Levi akitoka kazini atachagua, mimi ama huyu."
Nyaguthii akaanza kukunja nguo ndani ya begi. Ati anaenda kwao Kiminini kupumzika kidogo. 
Nikamtazama. Nikamwonyesha ishara ya kitabu kwa mikono, bila sauti: niseme? Akafumba macho, akaitikia kwa kichwa.
Nikatoa ukurasa chini ya godoro, na shati la sare lenye mapengo mawili. "Ni mimi, Mama." Mama amefundisha miaka thelathini, amechapa watoto wa watu kwa kurarua vitabu. Akasoma kichwa cha habari. Akaona muhuri wa shule. Akarudi kwa kichwa cha habari.
"Mimba?"
Nilichukua lastiki mezani, nikapima vidole vitatu, nikamfunga Nyaguthii mkono wa kushoto, kisha wa kulia. Nikaondoa begi kitandani. Halafu nikampigia Levi kwa simu ya Mama: maji yamekataa, njoo tumpeleke kliniki. Mama bado ameshika ukurasa.